Penye Wazee na Penye Vijana: Historia Fupi ya Maafikiano katika Elimu ya Afya

Wahenga walinena: penye wazee haliharibiki neno. Bila shaka umekwisha kukutana na methali hii katika masomo yako ya Kiswahili, na yeyote aliyewahi kuona ugomvi wa mpaka wa shamba ukitulizwa kwa maneno matupu, bila rungu wala panga, hawezi kuikana. Hata hivyo, leo nakuomba uisome mara ya pili, ukiwa na swali ambalo methali yenyewe hailijibu: neno hilo lilipokuwa likitengenezwa, vijana walikuwa wapi?

Tazama desturi za nchi zetu hizi jirani. Burundi inawajua Abashingantahe, watu waadilifu waliotawazwa na jamii yao ili waamue mashauri na kupatanisha waliohasimiana. Rwanda inaijua gacaca, baraza lililoketi juu ya nyasi. Pwani ya Afrika Mashariki lipo neno baraza lenyewe, ambalo maana yake ni kile kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, na pia ni mkutano wa watu wanaoketi juu yake. Katika mikutano hiyo yote lengo lilikuwa maafikiano. Lakini kwa sehemu kubwa waliosema walikuwa wanaume, tena watu wazima. Vijana walikaa pembeni wakasikiliza, na mara nyingi wasichana hawakuwapo kabisa.

Nimechagua kukusimulia historia ya njia moja ya utafiti inayotafuta maafikiano, na ya namna mwanafunzi alivyosogea polepole kutoka pembeni hadi ndani ya duara, hususan katika jambo linalohusu mwili na uhai wake mwenyewe, yaani elimu ya afya. Hoja yangu ni moja, nayo nitaishika hadi mwisho: maafikiano hayawezi kuwa mapana kuliko duara la walioulizwa.

Kura na maafikiano

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayofanana. Wengi wape, husema Waswahili. Na hiyo ndiyo kanuni ya kura. Katika darasa la wanafunzi 40, wakikubali 21 na kukataa 19, shauri limekwisha, na wale 19 hurudi nyumbani na kinyongo chao. Maafikiano yana njia nyingine. Hapa watu huendelea kupima sababu, kurekebisha maneno na kusogeleana, hadi wapate uamuzi ambao hata asiyeupenda sana anaweza kuishi nao.

Wewe unayejifunza lugha, angalia familia ya neno hili: kuafiki ni kukubali, kuafikiana ni kukubaliana ninyi kwa ninyi, maafikiano ni matokeo ya kuafikiana. Ndugu yake ni mwafaka, ambalo pia huandikwa muafaka. Neno hilo lilivuma sana Zanzibar wakati vyama viwili vikubwa, CCM na CUF, vilipotiliana saini makubaliano ya kisiasa mwaka 1999 na tena mwaka 2001. Ona jinsi lugha ilivyohifadhi wazo kwamba kukubaliana ni kazi ya pande zote. Mtu mmoja peke yake hawezi kuafikiana.

Njia iliyozaliwa katika vita baridi

Huenda ukashangaa kusikia kwamba njia ya utafiti inayotumiwa leo kupanga masomo ya afya ilianzia katika hesabu za mabomu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, shirika la utafiti la RAND huko California, Marekani, lilikuwa likifanya kazi kwa ajili ya jeshi la anga la nchi hiyo. Watafiti wawili, Norman Dalkey na Olaf Helmer, walitaka kujua Umoja wa Kisovieti ungehitaji mabomu mangapi ya atomiki ili kuvuruga uzalishaji wa silaha wa Marekani. Hapakuwa na kitabu chenye jibu, kwa hiyo ilibidi wataalamu waulizwe.

Tatizo lilikuwa hili: ukiwaketisha wataalamu mezani pamoja, mwenye cheo huwafunika wengine, mwenye sauti kubwa huonekana ana hoja kubwa, na aliyekwisha kusema jambo hadharani huona haya kulibadili. Kwa hiyo wataalamu saba, wakiwamo wanauchumi wanne, hawakuketishwa pamoja. Kila mmoja alipewa hojaji, yaani karatasi ya maswali, akaijibu peke yake. Kisha walipelekewa hojaji nyingine zenye maelezo yaliyotokana na majibu ya wenzao, bila kuambiwa nani amesema nini, wakaombwa wafikiri upya. Hojaji hizo zilikuwa tano. Makadirio ya kwanza yalikuwa kati ya mabomu 50 na 5,000. Jibu kubwa lilikuwa mara 100 ya jibu dogo. Mwishoni tofauti ilikuwa imepungua hadi takribani mara mbili.

Njia hiyo ilipewa jina la Delphi, mji wa Ugiriki ya kale ambako watu walikwenda kumsikiliza kuhani wa kike aliyetabiri mambo kwa jina la mungu Apollo. Jaribio lilibaki siri ya kijeshi kwa takribani miaka kumi. Mwaka 1963 Dalkey na Helmer walilichapisha. Tangu hapo njia ikatoka kambini ikaingia vyuoni, viwandani na hospitalini. Nguzo zake zilibaki zilezile: mjibuji hatajwi jina, maswali huulizwa kwa duru kadhaa, na baada ya kila duru mjibuji huonyeshwa picha ya majibu ya kundi zima ili, akitaka, abadili lake.

Mwaka 1971 Andre Delbecq na Andrew Van de Ven walieleza njia nyingine inayokaribiana na hiyo, ambayo huwakusanya watu chumba kimoja. Kila mtu huandika mawazo yake kimya kimya. Kisha kila mmoja husoma wazo moja kwa zamu, hadi yaishe. Ndipo wanapojadili na kuyapanga kwa umuhimu. Ni njia nyepesi inayofaa darasa lolote lenye kalamu na karatasi.

Lakini usisahau swali letu. Katika duara la kwanza la Delphi walikuwamo wataalamu peke yao. Hata njia ilipoingia katika afya, waliotafutwa kwanza walikuwa madaktari, wauguzi na maprofesa. Mwaka 1977 taasisi za taifa za afya za Marekani zilianza mikutano rasmi ya maafikiano kuhusu matibabu, na majopo yake yaliundwa kwa sehemu kubwa na watu wa elimu kubwa. Mara nyingi mgonjwa na mwanafunzi walingoja wasomewe matokeo. Ilikuwa penye wazee kwa sura mpya.

Mtu ni afya

Wakati huohuo, huku kwetu kulikuwa na jaribio la aina nyingine. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu pamoja, kisha wakajadili. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Vikundi havikuishia kwenye mazungumzo: walichimba vyoo, walifyeka vichaka, walifukia madimbwi ya maji yaliyotuama.

Tuipime kampeni hii kwa kipimo chetu. Mada zake zilikuwa zimekwisha kuchaguliwa na viongozi na wataalamu kabla redio haijafunguliwa. Lakini hatua ya kuchukua, yaani tuanze na choo au tuanze na dimbwi, iliamuliwa na kikundi chenyewe baada ya mjadala. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu. Na hata nusu hiyo ilitosha kuonyesha kwamba watu wanaoafikiana juu ya kazi huifanya, ilhali wanaoamriwa huingoja zamu ya mwenzao.

Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, mji ambao leo uko Kazakhstan na huitwa Almaty. Azimio lao lilitamka kwamba kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya ni haki na wajibu wa watu, mmoja mmoja na kwa pamoja. Katika orodha ya mambo ya msingi ya afya, elimu kuhusu matatizo ya afya yaliyopo ilitajwa mwanzoni.

Mwaka huohuo wa 1978, Waingereza wawili, daktari wa watoto David Morley na mwalimu Hugh Hawes, waliasisi mpango ulioitwa Child-to-Child, yaani Mtoto kwa Mtoto, wakijiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, 1979. Walianza na jambo ambalo kila mama wa Kiafrika analijua: mtoto mkubwa ndiye mlezi wa mdogo wake. Kama ndivyo, kwa nini asifunzwe kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mdogo wake anayeharisha? Baadaye mpango ukaweka hatua sita, na hatua ya pili ndiyo inayotuhusu hapa: watoto wenyewe hutoka na kuchunguza tatizo lilivyo nyumbani na kijijini, kabla ya kujadili na kupanga la kufanya. Mtoto alikuwa ameanza kuwa mtafiti.

Kutoka huruma hadi haki

Mpaka hapo kumsikiliza mwanafunzi kulikuwa busara ya mwalimu mwema. Tarehe 20 Novemba 1989, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, jambo hilo likawa haki. Ibara ya 12 inampa mtoto anayeweza kuunda maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Mwaka 1990 Afrika nayo ikapata mkataba wake wa haki na ustawi wa mtoto, ambao unamlinda mtoto anayetoa maoni yake.

Katika miaka hiyohiyo Uganda ilikuwa katika msiba wa UKIMWI. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ameambukizwa, akatumia siku zake za mwisho kuwaeleza watu, wanafunzi wakiwamo. Mwaka 1993 likaanza gazeti la vijana liitwalo Straight Talk, na mwaka 1998 likafuatwa na Young Talk kwa ajili ya wanafunzi wa shule za msingi. Magazeti hayo yalitegemea sana barua za wasomaji wake. Fikiri maana ya jambo hilo. Mhariri aliyekaa Kampala angeweza kukisia ni nini kinachomsumbua msichana wa miaka kumi na mitano. Barua ya msichana huyo ilimwondolea haja ya kukisia. Na barua ina tabia ileile ya hojaji ya Delphi: mwandishi wake haonekani usoni, kwa hiyo huandika asichoweza kusema.

Mwanafunzi anapoulizwa

Leo watafiti wengi wa elimu ya afya huwaalika wanafunzi katika majopo ya maafikiano, sambamba na walimu, wauguzi na wazazi. Nikueleze kazi inavyokwenda, kwa mfano wa kubuni. Chukua shule moja ya sekondari kando ya Ziwa Viktoria, inayotaka kujua masomo ya afya yaanze na nini.

Katika duru ya kwanza kila mwanafunzi hupewa swali lililo wazi: Ni jambo gani la afya unalohitaji kulijua, ambalo hujafundishwa? Huandika bila jina. Walimu wanatarajia malaria, kichocho na usafi wa meno. Yote hayo yanakuja. Lakini yanakuja na mengine: hedhi na mahali pa kubadilisha taulo za kike, hofu inayowakosesha usingizi majuma ya mitihani, nini cha kufanya mzazi anapokunywa na kupiga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunyoosha mkono darasani akayasema.

Katika duru ya pili mambo yote hupangwa katika orodha, na kila mtu, mwanafunzi na mwalimu, huyapa alama, tuseme kuanzia 1 hadi 9. Katika duru ya tatu kila mmoja huonyeshwa alama yake na alama ya katikati ya kundi, akaulizwa kama bado ana msimamo uleule, na kwa nini. Kiwango cha maafikiano, labda asilimia 75, huwekwa kabla ya kuanza, ili asitokee mtu wa kukishusha au kukipandisha baada ya kuona matokeo. Jambo lililofika kiwango huingia katika mtaala.

Angalia kilichotokea hapa. Neno mtaalamu limepanuka. Muuguzi ni mtaalamu wa dawa. Mwalimu ni mtaalamu wa kufundisha. Lakini juu ya swali la choo kisicho na mlango, mtaalamu ni yule anayekitumia kila siku.

Hatari za njia hii

Nisikufiche, msomaji wangu: njia hii ina mitego. Mwaka 1974 Harold Sackman, aliyekuwa RAND kwenyewe ilikozaliwa Delphi, aliikosoa vikali. Baadhi ya hoja za aina hiyo zingali na nguvu.

Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba maafikiano ni ukweli. Darasa zima likiafikiana kuwa malaria huletwa na maembe mabichi, mbu hatasikia. Tangu Ronald Ross alipoonyesha vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, jambo hilo halingoji kura. Mwanafunzi hualikwa kusema anahitaji nini, kwa lugha gani, na wapi pana ugumu. Hualikwi, ewe mwanafunzi, kuipigia kura baiolojia. Hata hivyo kosa lililoafikiwa lina faida yake, kwa kuwa linamwonyesha mwalimu mahali hasa pa kuanzia.

Mtego wa pili ni kumfuta mchache. Katika shule ile ya mfano wetu yupo mwanafunzi mmoja mwenye selimundu, ugonjwa wa damu unaowapata wengi katika ukanda huu. Yeye anajua maumivu yake yanavyoanza mwili unapopigwa na baridi au kiu, naye anatamani wenzake waelewe kwamba hategei michezo. Ombi lake haliwezi kufika asilimia 75, kwa kuwa yuko peke yake. Utafiti unaohesabu tu utamwacha. Utafiti mwema huandika pia waliotofautiana na sababu zao, na huwauliza wataalamu ni mambo gani hayapaswi kuachwa hata kama yamepata alama chache.

Mtego wa tatu ndio wa zamani kuliko yote: kuwaita vijana ili wapambe mkutano. Mwaka 1992, katika kijitabu kilichotolewa na UNICEF, Roger Hart alichora ngazi yenye vidato vinane vya ushiriki wa watoto. Vidato vitatu vya chini, yaani kutumiwa kwa hila, kuwekwa kama pambo, na kuwakilishwa kwa jina tu, alikataa kabisa kuviita ushiriki. Kwa hiyo ukialikwa, uliza: Nani aliyeandika maswali? Majibu yatakwenda wapi? Tutaonyeshwa matokeo lini? Kuuliza si ujinga, na wala si utovu wa adabu.

Kurudi barazani

Tumetoka kwenye nyasi za gacaca, tukapita katika siri za kijeshi za California, tukasikiliza redio ya Mtu ni Afya, tukasoma barua za vijana wa Uganda. Kila mara duara lilipopanuliwa, yalisikika mambo ambayo waliokuwa ndani hawakuwa na namna ya kuyajua. Wazee hawakuwa wajinga, wala wataalamu wa RAND hawakuwa na nia mbaya kwa mwanafunzi. Hawakumwuliza tu, na asiyeulizwa hujifunza kunyamaza, hata juu ya maumivu yake.

Kwa hiyo nakuachia kazi. Juma hili, mkiwa darasani, kila mmoja achukue kipande cha karatasi na aandike kwa Kiswahili, bila jina, jambo moja la afya ambalo angependa lifundishwe. Kusanyeni karatasi, changanyeni, zisomwe kwa sauti, kisha jadilini na kupanga kwa umuhimu. Mtajifunza msamiati mpya, bila shaka. Lakini chungeni hasa ile karatasi ambayo ikisomwa darasa zima litanyamaza. Msiicheke, wala msimtafute aliyeiandika. Ianzeni hiyo.

Na siku utakapoisikia tena methali ya wazee na neno lisiloharibika, usiibishe. Sogea tu karibu na baraza, uamkie kama ulivyofunzwa, kisha omba mahali pa kukaa.